Siku nane kwenye mkuza wa bomba, Upare Kusini

Jumatatu. Dar es Salaam hadi Makanya

Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, watu wanne kwenye gari moja: dereva, vijana wawili waliomaliza mwaka wa tatu wa akiolojia, na mimi. Nyuma kuna chekeche mbili, mabeleshi, sururu, ndoo, mifuko ya zipu ya kila saizi, na miiko ya fundi uashi. Watu huniuliza wanaakiolojia wanafukulia chombo gani maalumu. Ni huo huo mwiko wa kupigia plasta, ila wetu tunaunoa.

Kazi ni bomba la maji ya mserereko, kilomita 11, kutoka kijito cha msituni mpaka vijiji vya tambarare ambako mvua ni ya kubahatisha. Hakuna pampu wala umeme, maji yatashuka yenyewe. Kabla halijachimbwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari, na ndani ya tathmini hiyo kuna sura ya malikale. Sura hiyo ndiyo mimi. Kwa kawaida huwa ya mwisho kukumbukwa na ya kwanza kupunguziwa siku: niliomba kumi na mbili, nimepewa nane, safari humo humo.

Njiani nimeisoma tena ramani na kukunja uso. Mpima ardhi ameshapita. Vigingi 112 vyenye rangi nyekundu kichwani vimeshapigwa, kila kimoja na namba yake. Tathmini maana yake ni kutazama kwanza ndipo uamue. Hapa tumeamua kwanza, na mimi natumwa nikatazame kama tumekosea.

Si kwamba Upare Kusini ni mahali pageni kwa fani yetu. Mwanaakiolojia Robert Soper alipita huku miaka ya 1960, akapata mahali paitwapo Bombo Kaburi vigae vya vyungu vya karne ya 3 hivi, vya aina inayoitwa Kwale kwa jina la mahali pa Kenya kule nyuma ya Mombasa. Upande wa mashariki wa milima, Maore imetoa jina kwa aina nyingine ya vyungu, ya mwishoni mwa milenia ya kwanza. Lakini mtafiti huenda anakotaka kwenda. Mimi naenda linakopita bomba, kwenye mashamba na makorongo ambako huenda hakuna aliyewahi kuinama na mwiko. Wenzangu waliobaki chuoni huiita kazi ya mkate. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo ya kutochagua pa kwenda.

Makanya tumefika saa nane mchana. Upepo, vumbi, mkonge. Dereva wetu ni Mpare wa huku huku na tangu Hedaru amekuwa akitaja majina ya vilele kama anayeita wajomba.

Jumanne. Kijijini

Kijiji sitakitaja, na sababu ilijitokeza ndani ya nusu saa ya kwanza. Tumeanzia kwa mtendaji: kitabu cha wageni, muhuri kwenye barua, kibali cha Mambo ya Kale kikasomwa mstari kwa mstari. Kisha mkutano chini ya mti. Nilipomaliza kueleza, kijana mmoja akanyoosha mkono.

"Dada, mashine yenu inafika chini futi ngapi?"

Hatuna mashine, nikasema. Watu wakacheka kama wanaojua siri. Huku, kama sehemu nyingi za nchi, watu huja usiku na vipima-chuma kutafuta rupia za Mjerumani, wanazosema alizifukia alipokuwa anakimbia vita. Wanachimba chini ya mibuyu, chini ya mawe yenye alama, wakati mwingine makaburini. Nikiandika jina la kijiji na neno "chuma" kwenye ukurasa mmoja, nitakuwa nimewachorea ramani.

Baada ya mkutano alinifuata mzee mmoja mrefu, koti la suti juu ya kikoi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hilo bomba lenu litakata mfereji wetu wapi?"

Hakuuliza *kama* litakata. Akatupeleka juu kidogo ya makazi kuiona ndiva. Kwa wasioijua: ndiva ni bwawa dogo la kukinga maji, Wapare wamelitengeneza milimani tangu enzi. Kijito chenyewe ni chembamba, ukikiachia moja kwa moja shambani maji yanaishia njiani. Basi yanakusanywa usiku kucha, na alfajiri ndiva inafunguliwa, maji yanashuka kwa nguvu kwenye mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Hii ina ukuta wa mawe na udongo, ndani imesakafiwa kwa saruji. Kwenye tundu la kutokea maji hakuna valvu: kuna kigogo kilichochongwa kama kizibo, kimevishwa maganda makavu ya mgomba.

"Ya mwaka gani, mzee?"

"Saruji ni juzi, nilibeba mchanga mwenyewe, kwenye msaragambo wa kijiji kizima. Ndiva ni ya babu wa babu."

Nikaandika maneno yote mawili. Ndiyo shida yangu ya kisheria kwa ufupi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Inalinda hata milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Ndiva iliyopigwa saruji juzi, na bado inafanya kazi, itaonekana kwenye jedwali langu kama "miundombinu ya umwagiliaji", na itahamia kwenye sura ya mtu mwingine.

Mzee alikuwa na mfuko wa nailoni uliowahi kuwa wa sukari. Ndani bahasha, ndani ya bahasha hukumu ya baraza la zamani kuhusu zamu za maji, imepigwa taipu, imechanika mikunjoni. Akaninyooshea niisome, lakini hakuiachia.

Jioni dereva akacheka peke yake kwenye usukani. "Si mnasema Mpare atauza ng'ombe kugharamia kesi ya kuku? Sasa huyo mzee kuku wake ni huo mfereji."

Jumatano. Kutoka chanzo

Tumepanda kwa miguu gizani, tukafika kijitoni jua likichomoza. Baridi ya kutosha kuwanyamazisha wale vijana.

Tunavyofanya ni hivi. Tunajipanga wanne kwa mstari, mita tano kati ya mtu na mtu, tunafuata vigingi kwa kutazama chini. Si kazi ya kishujaa. Unatazama njia za panya, kingo za makorongo, udongo uliotupwa na mchwa, shimo la choo linalochimbwa, mizizi ya mti ulioanguka. Kila mahali ambako ardhi imejifungua yenyewe ni dirisha la bure. Mwezi wa tisa majani ni makavu, jicho linafika chini. Tungekuja baada ya vuli tusingeona kitu.

Juu kabisa hapakuwa na la maana. Lakini kuanzia kigingi cha 9 nikaanza kuona jambo, na kufikia cha 28 nikasimama nikawaambia wenzangu tunywe maji. Mpima ardhi alichora mstari wake kwa setilaiti na kompyuta, mwezi uliopita. Na katika vigingi vyote hivyo ishirini, sikuwahi kuwa mbali na mfereji wa mzee zaidi ya hatua thelathini. Mahali pengine kigingi kimepigwa kwenye ukingo wake hasa.

Nikamuuliza mzee, maana alikuja naye, fimbo mkononi, waliupimaje.

"Kwa maji," akasema. "Unachimba kidogo, unayaachia yaje nyuma yako. Yakisimama, umekosea. Unarudi."

Hapo ndipo ramani ilinigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa athari za bahati mbaya: bomba linapita, kaburi la kale lipo, wamekutana. Lakini mlimani maji hayana njia nyingi. Pana mwamba hapa, korongo pale, tandiko moja tu kati ya vilima viwili ambapo unaweza kuvuka bila kupanda. Aliyechimba mfereji alipaona, na kompyuta imepaona. Na mahali ambapo maji yanapita bila shida, watu hukaa, hulima, hufua chuma, huzika. Kwa hiyo bomba halitapita *karibu* na watu wa zamani kwa ajali. Litawapitia katikati, kwa sababu injinia ni hodari na wao walikuwa hodari.

Kigingi cha 31 kinavuka mfereji. Nimekipiga picha sita.

Alhamisi. Kigingi cha 47

Saa tatu asubuhi kijana wangu mmoja akaokota jiwe, akalipima mkononi, akalirusha juu kidogo na kulidaka, akasema, "Madam, hili limekula nini?"

Ukishika mavi ya chuma kwa mara ya kwanza, mkono unashtuka kabla ya jicho. Ni zito kuliko jiwe la kimo chake. Kipande hiki kilikuwa cheusi chenye ukungu wa buluu, saizi ya andazi. Juu kina mikunjo laini iliyolaliana kama uji mzito uliofurika sufuria ukaganda. Ukikigeuza, chini kuna vijishimo na alama za vipande vya mkaa: mstari mmoja mmoja wa nyuzi za mti umebaki, kana kwamba mti ulitia saini kabla haujaisha kuungua. Hicho ni kile kilichotiririka tanuruni wakati chuma kikijitenga.

Tukainama wote. Palikuwa kitako cha mlima, tambarare ndogo isiyozidi ukubwa wa viwanja viwili vya netiboli, inatazama magharibi ambako upepo wa bonde hupanda mchana. Vipande vilikuwa kila mahali pakishaangaliwa vizuri. Kulikuwa na mirija ya udongo pia, ile iliyopitisha hewa ya mivukuto kuingia motoni. Imevunjika yote, lakini ncha zake zimeyeyuka zikawa kama kioo cha chupa ya kijani. Na kwenye ukingo ulioliwa na mvua, mkanda wa udongo mwekundu uliookwa, upana wa kiganja.

Wapare walijulikana kwa chuma. Walikichenjua kutoka mchanga mweusi wa vijito, wakafua majembe na silaha ambazo Wachaga na Wamasai walizifuata. Ukoo wa Washana ndio unaotajwa kila uhunzi unapotajwa. Sikuhitaji kulihutubia hilo kwa watoto watatu waliokuwa wametufuata tangu asubuhi. Mmoja alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio mbovu, akashuka korongoni, akaiburuza mchangani na kurudi nayo imeota ndevu nyeusi.

"Tunachezea," akasema.

Nikaiweka chini ya lenzi ndogo niliyonayo shingoni. Punje zinang'aa, zina pembe. Nikampa naye atazame. Akatazama muda mrefu, halafu akaipangusa sumaku kwenye kaptula akairudisha mfukoni. Malighafi ya tanuru lile ilikuwa imeshuka kwenye kijito hicho hicho, na bado inashuka.

Sasa kigingi. Cha 47 hakikuwa cha bomba tu. Kilikuwa na vigingi vingine vitatu vya pembe, na rangi ya buluu juu ya nyekundu: hapa linajengwa tenki la kukata presha. Kila mita kumi za mteremko huongeza presha ya bomba kwa takribani baa moja, baa ikiwa kipimo cha presha. Mabomba haya meusi ya plastiki yanahimili baa kumi, kwa hiyo kila mita 100 za kushuka lazima maji yamwagwe kwenye tenki, yapumue, yaanze upya. Tenki linataka mahali tambarare, imara, pasipotitia. Mhunzi naye alitaka mahali tambarare, imara, pasipotitia.

Kigingi cha pembe ya kaskazini kilikuwa kimepenya katikati ya ule udongo mwekundu. Sikukitoa, si changu kukitoa.

Ijumaa. Mashimo

Tumechimba mashimo ya majaribio tisa, nusu mita kwa nusu mita, matano kwenye kitako cha wahunzi na manne nje yake kuona mipaka. Unashuka sentimita kumi kumi, kila tabaka ndoo yake, kila ndoo chekecheni. Vibarua wawili wa kijijini walikuwa hodari kuliko sisi: wanajua udongo wao, wakigonga kitu wanasimama wenyewe.

Mashimo mawili yalitoa mavi ya chuma mpaka sentimita 25, halafu udongo mtupu. La tatu lilikwenda hivyo hivyo, kisha kwenye sentimita 40, chini kabisa ya takataka za wahunzi, kikatoka kigae kimoja. Urefu wa kidole gumba. Kilikuwa ukingo wa mdomo wa chungu, mnene, umekunjwa kwa nje, na juu ya ule mkunjo kuna mifuo sambamba, minne, iliyopigwa udongo ukiwa bado mbichi. Mfuo wa tatu umepinda kidogo katikati, pale mkono ulipotetereka.

Nilikaa chini. Kingo za namna hiyo ndizo zinazowafanya watu waseme Kwale. Kigae kimoja hakifanyi kijiji, na panya anaweza kushusha kitu au kukipandisha, hilo nimeliandika wazi. Lakini kilikuwa chini ya tabaka la chuma, hakikuchanganyika nalo. Mkaa wa kupimia umri nimeufunga kwenye foili ingawa bajeti haifiki maabara. Siku moja mtu mwenye fedha ataukuta stoo.

Saa saba injinia akaja na pikipiki. Kijana mpole, amechoka, simu tatu njiani. Nikamwonyesha.

"Haya yana thamani gani?" akauliza, akiwa ameshika kipande.

"Ya kuuza, hakuna."

"Basi afadhali. Wakijua yana bei tumekwisha." Akakirudisha pale pale kilipokuwa, na kwa kitendo hicho nikaanza kumpenda. "Lakini tenki siwezi kulishusha. Nikishusha mita kumi, bomba la juu linapasuka. Nikilipandisha, la chini linapasuka. Na mstari ukiupandisha ukaushusha, hewa inakwama kwenye mgongo, maji hayapiti."

"Sikuambii ulishushe. Lisogeze pembeni. Kimo kile kile."

Akafungua simu, akakuza kontua, ile mistari ya kimo kwenye ramani. Mita 45 kusini kuna kitako kingine, kidogo, cha mwamba. Tulichimba pale asubuhi, shimo la nane, patupu. Akapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu. Bomba litaongezeka urefu, kona mbili. Inawezekana.

Tenki lilikuwa jambo jepesi. Tulichobishania mpaka saa kumi ni barabara. Watu hudhani mtaro ndio unaoharibu: sentimita 60 upana, mita moja kina. Mtaro ni mshono tu. Kinachofuta ni njia ya kupandishia kijiko, ile mashine ya kuchimbia, mita nne za ardhi iliyokwanguliwa, halafu uwanja wa kurundika mabomba, halafu mahali kijiko kinapogeuzia. Ramani ya mpima haina hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu huamuliwa na dereva wa kijiko siku hiyo hiyo. Nimetaka mita 400, kutoka kigingi cha 43 hadi cha 51, zichimbwe kwa mikono. Injinia akasema mkandarasi atalia. Kibarua mmoja aliyekuwa chekecheni, bila kugeuka, akasema, "Sisi hatulii."

Tumefunga saa kumi na moja jioni. Si kwa uchovu. Jua likizama Sabato inaanza.

Jumamosi. Sabato

Hii ni nchi ya Wasabato. Wamisionari wao walifika milima hii mwaka 1903. Leo hakuna beleshi linaloinuliwa, na mimi mgeni siwezi kwenda kukwangua mlima wa watu wakati wanaimba. Ratiba niliyotumiwa kutoka ofisini inaonyesha Jumamosi kama siku ya kazi.

Nimeosha vigae, vichache, na mswaki. Nimeandika. Mchana tuliitwa kwa bibi mmoja jirani, makande ya mahindi na maharage yaliyopikwa jana kabla jua halijazama, yakahifadhiwa yamefunikwa. Makande ya kulala ni matamu kuliko ya siku hiyo, sitaki ubishi.

Walipotoka wengine, bibi akabaki anakusanya sahani. Akaniuliza bomba likishuka linapita upande gani wa kile kichaka cha chini, chenye miti mikubwa. Nikatoa ramani. Kichaka kipo, rangi ya kijani, hakina jina. Vigingi vya 83 hadi 86 vinapita ukingoni mwake, na cha 85 kimeingia ndani.

"Pale hatukati hata fimbo," akasema.

Ni mpungi, mahali pa ukoo, pa kuwaendea waliotangulia. Aliniambia na mengine, ambayo hayatakuwa kwenye ripoti wala hapa. Nikamuuliza kwa nini halikusemwa mkutanoni Jumanne, mbele ya watu wote waliokuwepo.

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwerevu aliyeuliza la kipumbavu. "Mchungaji alikuwa amekaa mbele."

Fomu ya ushirikishwaji wa jamii imejazwa, imesainiwa na watu 61, na jibu la swali la nne, "Je, kuna maeneo ya kimila katika mkuza?", ni "Hakuna". Wote 61 walijua. Usiku sikulala mapema. Nikiandika "mpungi" kwenye waraka wa umma nitamweka bibi wa watu pabaya, na nitawaonyesha njia wale wa vipima-chuma. Nisipoandika, kijiko kitaingia. Mwishowe nimeandika "eneo tete B, pasiguswe, mstari usogezwe mita 30 magharibi", sababu: "uoto wa asili na mmomonyoko". Si uongo, miti ipo na korongo lipo. Lakini najua nilichofanya.

Jumapili. Tambarare

Mpungi tumeupima kwa nje tu, bila kuingia. Mzee wa mfereji alikuwa nasi na hakusema neno tangu kigingi cha 82 mpaka cha 87. Cha 88 akaanza tena kulalamikia bei ya mahindi.

Chini ni rahisi. Ardhi ya wazi, mkonge wa zamani, mbuzi. Makaburi mawili ya saruji karibu na mstari, yana majina, yana wenyewe. Ipo sheria ya kuhamisha makaburi, ya 1969, lakini kwenye tambarare hakuna sababu ya kumsumbua marehemu kwa ajili ya mita kumi, na injinia amekubali kwa simu bila kubisha. Kwenye ukingo wa korongo moja tumekuta vipande vya jiwe la kwazi (quartz) vilivyochongwa, vidogo, vikali, vya watu waliokuwa hapa kabla ya jembe. Vimeshasombwa kutoka juu, havina tena mahali pake. Tumeviandika, tumeviacha.

Pancha moja. Dereva ameibadilisha huku akiimba nyimbo za jana.

Jumatatu. Kuondoka

Niliamka kabla ya wote nikapanda kuiona ndiva ikifunguliwa. Mzee alikuwepo na mwenye zamu, mama mwenye jembe begani. Maji yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, meusi, yametulia. Mama alishuka, akatikisa kile kigogo mara tatu, akakivuta. Kwanza sauti, kama mtu anayesafisha koo, kisha maji yakashika mfereji na kuondoka. Tulitembea nayo sambamba mpaka kigingi cha 31.

Hapo tumekubaliana na injinia hivi: bomba litapita chini ya mfereji, ndani ya bomba jingine la chuma, mtaro wa mkono, siku ambayo si ya zamu. Na mfereji utarudishiwa kwa udongo wa mfinyanzi na wenyewe, kwa msaragambo wao, si kwa saruji ya mkandarasi. Saruji ngumu kwenye mfereji laini hupasuka pembeni, maji yanaanza kula. Hilo nilifundishwa na mzee, nimeliandika kama pendekezo la kitaalamu.

Kilichobaki ni swali ambalo si la sura yangu: bomba na mfereji vinakunywa kijito kimoja, na bomba linakunywa kwanza. Kibali cha maji kina ofisi yake. Nimeliandika hata hivyo, ukurasa wa mwisho, mahali ambapo mhariri hufuta.

Tukiwa tunapakia, mzee akafika ofisi ya mtendaji na ule mfuko wake wa sukari.

"Binti, yale mavi ya chuma mmechukua mangapi?"

"Vipande kumi na vinne, mzee. Na vigae saba, na mirija mitatu. Vinakwenda Dar, vitahifadhiwa."

"Niandikie."

Nikadhani anatania. Mtendaji hakudhani hivyo, alishavuta droo ya karatasi. Nikaandika kwa mkono, nakala mbili: nimepokea kutoka ardhi ya kijiji vipande 14 vya mavi ya chuma, vigae 7, vipande 3 vya mirija ya udongo, kwa ajili ya uchunguzi, mali ya umma, vitarejeshwa au kuonyeshwa vikihitajika. Jina, cheo, namba ya kibali, tarehe. Mzee akasoma, kidole chini ya kila neno. Akasema nimesahau kuandika kile kigae chenye mistari peke yake, kwa sababu ndicho nilichokifurahia. Nikaongeza: *kimoja kina mifuo minne*. Mtendaji akapiga muhuri, akaupulizia ukauke.

Mzee akaikunja mara mbili, akaitia kwenye bahasha ya ile hukumu ya maji, bahasha kwenye mfuko, mfuko akaufunga fundo.